Tangu Kaka Yako Alipokikimbia Chungu Changu

Mchinga,
Kwa mkono wa Mwalimu Lukas,
Lindi.
19 Septemba, 1999

Mpendwa wifi yangu Emerensiana,

Shikamoo wifi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya huko Musoma, wewe na baba watoto na wajukuu wote. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ulipokuja kwenye arobaini ya ndugu yenu marehemu Laurenti mwaka jana ulilikanda jioni zote mbili, na mimi nikikuchemshia maji. Niambie kama limepona, au kama baridi ya ziwani imelizidisha.

Sisi huku hatujambo, kwa kiasi chetu. Nasema kwa kiasi, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Mikorosho imechanua vizuri na wanunuzi binafsi wameshaanza kupitapita, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Barabara bado ni mashimo tangu zile mvua kubwa. Mary wangu, aliyeolewa Somanga, amejifungua mtoto wa kiume, mweusi tii kama babu yake.

Sasa wifi, tafuta mahali ukae. Nimekuandikia juu ya kaka yako Klementi, ambaye ni mume wangu wa mwaka wa ishirini na tatu huu. Nikiri kabisa mwanzoni ili usihangaike kusoma katikati ya mistari: nina wivu. Nina wivu wa kunikosesha usingizi na kunifanya nivunje vikombe. Wewe ni wifi yangu na una haki ya kunicheka, lakini cheka huku unasoma.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alihamia hapa mwanamke mmoja anaitwa Stefania. Ni mtu wa Newala, mjane, ila amekaa sana Dar es Salaam. Amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga na anauza mitumba. Mwembamba, shingo ndefu, meno yote yapo. Huko Dar alihudhuria semina, maana siku hizi kila kitu kina semina, akafundishwa kwamba binadamu hatakiwi kula kitu kilichopita kwenye moto. Ukipika, ati umeua chakula. Kwa hiyo yeye hula matunda, karoti, matango, mchicha mbichi, karanga mbichi, na choroko alizoziloweka kwenye kitambaa mpaka zikaota. Nyumbani kwake hakuna jiko, wifi. Hana hata figa moja.

Mimi, unanijua. Naishi kwa moto. Kibanda changu pale stendi kimesomesha watoto. Madereva wa Lindi walikuwa wanafunga breki kwa ajili ya samaki wangu wa kupaka. Kama Mungu aliniumba na kitu mkononi, basi ni mwiko.

Kaka yako alianza na asubuhi. Ilikuwa mwezi wa tatu, wiki chache baada ya misa ya kutimiza mwaka wa marehemu. Nikamwekea chai na chapati, akasema ameshiba. Ameshiba nini saa moja asubuhi? Akasema amekula papai. Nikaziondoa chapati. Baadaye akaanza kukataa cha mchana. Mwezi wa tano ulipoingia alikuwa hagusi kitu changu chochote, labda maji ya kunywa, na hayo nayo akauliza kama yamechemshwa.

Unaijua desturi ya mtaa wetu. Jioni wanaume hawali ndani. Hukaa mkekani mbele ya nyumba ya mzee Deo, na kila nyumba hutoa sahani yake ikaliwa na wote. Sahani ya mwanamke ndiyo jina lake. Yangu ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza, tena wengine walikuwa wakilamba bakuli na mimi nasikia dirishani. Sasa siku moja kaka yako akanikataza kutoa. Akatoka mwenyewe na sinia la matango na nyanya, akaliweka katikati ya wenzake.

Mzee Deo akauliza, "Klementi, nyumbani mmeanza kufuga sungura?"

Walicheka mpaka wakakohoa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na wali wangu wa nazi kwenye chungu, umeiva, unanukia, hauna pa kwenda. Jirani yangu Moza akaja kunisaidia kuula. Katikati ya tonge akaniambia, "Dativa, mwanamume akikimbia chungu cha mkewe, ujue kuna kingine kinachemka mahali."

Nikamwambia, "Hicho kingine hakichemki, Moza. Ndiyo taabu yenyewe."

Fikiria, wifi. Kushindwa na mwanamke anayepika vizuri ni msiba unaoeleweka, watu watakupa pole. Mimi nimeshindwa na mwanamke asiyewasha moto. Watu wakinitazama hawajui wanipe pole ya namna gani.

Nikaamua kwenda kujionea. Nikajifanya nataka gauni. Nilipofika kwa Stefania nilimkuta kaka yako ameketi kwenye kigoda, amekunja mikono ya shati, anakwangua karoti kwenye kibati cha matundu. Klementi huyu ambaye kwangu, miaka ishirini na mitatu, hajawahi kumenya kitunguu! Alikuwa anakwangua taratibu, kwa uangalifu, na yule mwanamke anamsikiliza. Walikuwa wanazungumza. Waliponiona wakanyamaza. Nikanunua gauni lisilonienea, nikarudi nalo nyumbani, nikalikatakata nikafanya matambara.

Toka siku hiyo nikamnunia. Alisema, sikujibu. Alieleza habari za shamba, maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Kumbuka hapo, wifi, maana hapo ndipo nilipojikwaa.

Baada ya wiki kadhaa za kununa nikaona sinufaiki. Nikasema, kama ni vibichi, basi na mimi mtoto wa Rutamba nitavifanya vibichi hivyo mpaka Stefania akasahau alikovianzia. Chini ya godoro la kaka yako nikakuta kijitabu cha fotokopi. Kinaeleza namna ya kuanza. Kinasema usianze kwa pupa. Wiki ya kwanza badilisha mlo wa asubuhi tu, ule matunda, na usichanganye matunda makali na matamu. Wiki ya pili ongeza wa mchana. Tafuna kila tonge mara thelathini. Kichwa kikiuma usiogope, ati ni uchafu unatoka.

Mimi nina pupa. Wiki zote nikazifanya siku moja. Kichwa kiliniuma hadi meno. Niliota ndoto ya ugali. Nikaloweka choroko zikaota, nikaziangalia, roho ikakataa: mbegu iliyoota tumezoea kuipeleka shambani, hatuipeleki kinywani. Nikafumba macho nikala. Siku ya nne Moza alipika maandazi kwake, harufu ikaja ukutani, nikatokwa na machozi kama mtoto. Lakini sikula. Wivu ni chakula kizito, wifi, unashibisha.

Nikamwandalia siku yake. Jumamosi ya tarehe 28 mwezi wa nane. Niliwaza: Stefania na karoti zake za kutoka bara anajua nini? Sisi huku vibichi tumevila kabla ya semina. Nani kati yetu hakukua akitafuna muhogo mbichi na kipande cha nazi njiani kutoka shamba? Hicho ndicho nitakachompa, kitu cha utoto wake, kilichotengenezwa na mkewe.

Nikaenda shambani peke yangu alfajiri. Sikumuuliza kitu, maana nilikuwa nimenuna bado kidogo, na nilitaka iwe siri. Nikang'oa shina moja karibu na kibanda cha shamba. Nikaonja pale pale, tamu. Muhogo ulikuwa haba, nikashuka upande wa bondeni nikang'oa mengine mawili, manene, mazuri. Hayo sikuyaonja.

Kumbe mistari miwili ile ya bondeni ni muhogo mchungu. Kaka yako aliupanda pale kwa sababu ya nguruwe, wakija waanze na huo wachukie. Ni ule wa kuloweka na kuanika ndipo usagwe unga. Alikuwa ameniambia. Alinieleza jioni nzima, na mimi nilikuwa nimempa mgongo nahesabu makosa ya Stefania. Kuuliza si ujinga, lakini aliyenuna haulizi.

Nikamenya, nikakata vipande vyembamba. Nikakuna nazi, nikakamulia ndimu, nikatia chumvi na pilipili mbuzi za kutosha. Pilipili hizo na ndimu ndizo zilizofunika uchungu wote. Nikatandika mkeka mzuri. Kaka yako alipoingia akaona, alisimama. Halafu akakaa akala. Mimi sikugusa muhogo, nilikula papai tu, kwa sababu nilitaka yeye ashibe, na kwa sababu nilitaka kumtazama akila kwangu. Ilikuwa miezi mitatu sijaona hicho kitu. Alipumzika katikati akafuta jasho la pilipili, akasema, "Dativa, umemshinda Stefania."

Nilifurahi, wifi. Nilifurahi vibaya sana. Nikamwongezea.

Haikupita muda mrefu akasema kichwa kinamgonga. Akatapika. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilipiga kelele mtaa mzima ukaja. Bahati kulikuwa na gari la mnunuzi mmoja wa korosho, tukampakia nyuma, tukaelekea Lindi. Kichwa chake kilikuwa mapajani pangu. Kila shimo la barabara nililisikia kwenye mifupa yangu. Tulipokuwa bado njiani akafungua macho, akanitazama kama mtu asiye na usingizi hata kidogo, akasema:

"Dativa, unaniua kama ulivyomuua Laurenti."

Nimeandika mstari huo hapo juu, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje nikazunguka nyumba. Sasa nimerudi.

Mungu ni mwema, hakufa. Walimhudumia vizuri, siku ya tatu akaruhusiwa. Muuguzi alipouliza amekula nini, ndugu wote walionitazama walinitazama mkononi. Mzee Deo alikwenda shambani mwenyewe, akakuta shimo moja juu na mawili bondeni, akarudi akawaambia watu ni bahati mbaya. Wenye kuamini wameamini. Kuna wawili watatu wanaonisalimia kutoka mbali.

Siku ya pili pale hospitali alikuja Stefania. Na unajua alibeba nini? Chupa ya uji wa moto. Yeye, mwalimu wa vibichi! Alikwenda kuuomba upikwe kwa jirani, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa. Nilimvuta nje, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka tangu mwezi wa tatu, kwa sauti ambayo wagonjwa wa wodi nzima walifaidi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Dada Dativa, mumeo anapokuja kwangu ana habari mbili tu, kaka yake na wewe. Kuna siku huwa natamani aondoke nikauze nguo zangu."

Nikamuuliza kuhusu mimi anasema nini. Akasema, "Anasema anaogopa chakula chako. Na anaogopa kukwambia, kwa sababu ukiacha kupika anaona hutabaki na kitu."

Hapo ndipo wivu wenyewe ulipoanza, wifi. Ule wa mwanzo ulikuwa mchezo. Kama wangekuwa wanalala pamoja, ningejua la kufanya: ningempiga yule mwanamke, ningelia, ningefunga mizigo nikaenda Rutamba kwa mjomba, na wewe ungepanda basi kuja kusuluhisha. Lakini alimpa maneno yangu. Maneno yaliyokuwa yananihusu mimi, juu ya mikono yangu na marehemu wetu, alikuwa anayamwaga kwa mwanamke wa mitumba kila asubuhi, karoti kwa karoti, na kwangu analeta ukimya. Miaka ishirini na mitatu namlisha, na kitu kizito kuliko vyote alichokuwa nacho akaenda kukila na mwingine.

Sasa nije kwa Laurenti, ndugu yenu. Wewe ulikuwa mbali, wacha nikwambie ilivyokuwa. Alipofiwa na mkewe alikula kwangu miaka miwili, mchana na jioni. Hospitali walimwambia ana presha, apunguze chumvi na mafuta. Alikuja nyumbani akatusimulia huku anacheka. Nilianza kumpikia kando, bila chumvi, siku mbili tatu. Akawa anasukuma sahani kama mtoto na kusema, "Shemeji, huku ndiko kufa kwenyewe." Akaomba chumvi. Nikampa. Akaomba tui zito, nikampa. Mama yangu alinifundisha kwamba mtu mzima hanyimwi chumvi mezani, tena mjane asiye na kwake. Na nikwambie ukweli mwingine: nilipenda kuona anavyokula. Nyumba nzima hakuna aliyekisifu chungu changu kama Laurenti. Alianguka mlangoni kwangu akitoka kunawa, mikono bado ina maji.

Kaka yako hakuwahi kusema neno. Alichimba kaburi, akapokea wageni, akakaa mwaka mzima anakula kwangu tonge moja moja. Nilidhani ni majonzi. Kumbe kila tonge alikuwa anajiuliza.

Tangu tutoke Lindi amesema yale maneno ya kwenye gari yalikuwa ya ugonjwa, niyasahau. Ameyasema hayo mara tatu. Mimi namwamini mgonjwa.

Kwa hiyo sijawasha moto. Leo ni siku ya ishirini. Kibanda cha stendi nimekifunga na madereva wanapita moja kwa moja. Nakula papai, ndizi, matango, nazi, karanga. Choroko siku hizi zinapita bila kufumba macho. Kichwa kimeacha kuuma. Magauni yamelegea, na Moza anasema napendeza, ananiuliza siri. Basi wifi, kama unataka kujua namna ya kuanza kula vibichi, kijitabu hakikuandika vizuri. Unaanza siku unapoiogopa mikono yako.

Tunakaa mkeka mmoja mimi na kaka yako, tunatafuna mara thelathini, hatusemi. Kwa Stefania haendi tena. Ningefurahi, lakini sasa hana hata pa kusemea.

Leo asubuhi nimeamka nimekuta kuni zimepasuliwa na kupangwa kwenye mlango wa jiko. Nyingi, za mkorosho, kavu. Yeye alikuwa ameshaondoka kwenda shambani. Nimeziangalia. Sikuziwasha. Nikachukua kalamu.

Kwa sababu kuna jambo moja, wifi, ambalo yeye hawezi kunijibu. Siku ile ya arobaini, wewe ulifika kwa shida, siku nne njiani kwa sababu maji yalikuwa yamekata barabara. Nilikupikia kuku wa nazi na wali. Ulisema safari imekuchosha, ukala ndizi mbivu mbili, ukaenda kulala. Kesho yake ukasema tumbo. Kesho kutwa ukaondoka. Wakati ule nilikuhurumia. Sasa kila nikilala naiona ile sahani, kuku amejaa, umeifunika kwa kawa vizuri ili nisijisikie vibaya.

Ulikuwa umechoka kweli, wifi? Au na wewe ulikuwa unajiuliza?

Usinifiche kwa kunihurumia, nimechoka kuhurumiwa kando. Laurenti alikuwa wenu kabla ya kuwa mgeni wangu, na aliyetoka naye tumbo moja ana haki ya kusema. Kama ni uchovu, niandikie kwamba ulikuwa uchovu, na siku barua itakapofika nitaziwasha hizi kuni mbele ya mtaa mzima. Kama ni lile jingine, andika vilevile. Lakini niandikie mimi. Usimwandikie Klementi, wala usimtume mtu. Kwa mara moja nataka neno linalonihusu linifikie mimi kwanza.

Nisalimie baba watoto na wajukuu, na yule mdogo anayeitwa Erasmo mwambie bibi wa Mchinga amemwekea korosho. Mary anakuamkia kutoka Somanga. Mzee Deo anakusalimu, na Moza pia, ingawa hajui nimeandika nini. Kaka yako hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nakutumia mimi bila yeye kuzitoa.

Mungu akutunze, alikande goti lako, na akupe moyo mwepesi wa kunijibu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, ninayesubiri kando ya jiko la baridi,
Dativa